Pale Kweupe Msikate

Kuna sentensi moja inayowakera wachoraji wote ninaowajua: "Hiyo hata mimi naweza kuchora." Husemwa mbele ya mchoro wa mistari michache, wa biro, usio na rangi. Haisemwi mbele ya simba wa rangi za mafuta ambaye kila unywele wa shingo yake umehesabiwa. Hapo watu huguna kwa heshima, maana wameona jasho. Kwenye mchoro wa mistari kumi na mbili wanaona mtu aliyechoka mapema akaenda zake kunywa chai.

Mimi sentensi hiyo hainikeri sana. Ndani yake kuna swali halali, tena ni swali la maadili kabla halijawa la sanaa. Kama mtu ameacha vitu vingi nje ya picha, je, ametuambia ukweli? Shahidi mahakamani huapa kusema ukweli wote. Mchoraji wa mistari michache hawezi kuapa hivyo hata kidogo. Ameona miti, mawingu, kuku, nyaya za stima, kisha akatuletea mgongo na kofia. Kwa nini tumwamini?

Wengi wetu tulifundishwa kuchora kwa uzito mara moja tu maishani, na haikuwa kwenye somo la sanaa. Ilikuwa bayolojia. Unakumbuka masharti. Penseli kali, mstari mmoja usiokatika, hakuna kuweka vivuli, mistari ya majina isivukane wala isiwe na vichwa vya mishale, na pembeni uandike umekuza mara ngapi. Ukilichora jani la maharagwe kwa vimistari vidogo vyenye manyoya, kama mtu anayepapasa swichi gizani, alama zinaenda. Wakati huo nilidhani ni ukali wa bure wa watu wa KCSE. Siku hizi naona mantiki yake. Mkono unaosema "labda hapa, labda pale" bado haujaamua jani linaishia wapi, na ile fujo ya vimistari inaficha kwamba haujaamua. Mstari mmoja ukikosea, angalau kila mtu anaona ulipokosea.

Sasa ondoa penseli uweke biro, ya Bic, ile ya shilingi chache. Biro haina raba. Ukishuka na mstari wa mgongo ukateleza kiunoni, huyo mtu atakaa na kiuno hicho milele. Ndiyo maana nikiangalia mchoro wa wino sianzi na swali la kama unafanana na kitu. Naanza na mkono ulivyopita: ulikimbia wapi, uliganda wapi, ulibonyeza wapi hadi karatasi ikaingia ndani. Jaribu siku moja. Chukua mchoro wowote wa wino, uufuate mstari mmoja kwa jicho tangu unapoanza hadi unapokata, bila kuharakisha, kama unayefuata mtu sokoni. Utagundua mistari mingine inajua inakoenda na mingine inajifanya.

Kuna mchoro wa Rembrandt, yule Mholanzi wa karne ya 17, uliohifadhiwa British Museum kule London. Ni wa miaka ya 1650, wino wa kahawia kwenye karatasi ndogo tu. Mtoto anafundishwa kutembea. Wanawake wawili wamemshika huku na huku, mwanamume amechuchumaa akimnyooshea mikono, na nyuma yao mwanamke anapita na ndoo ya maziwa. David Hockney, mchoraji wa Uingereza, amewahi kusema kwamba huenda huo ndio mchoro bora kuliko wote uliowahi kuchorwa. Siwezi kumpinga, kwa sababu ya ile ndoo. Maziwa yenyewe huyaoni. Unachoona ni mkono wa pili wa yule mama, ule usiobeba kitu, umenyooka pembeni. Basi. Kama umewahi kupandisha mtungi wa lita ishirini kutoka mtoni, kwenye vilima vya Embu, mwili wako unajua tayari kwamba ndoo imejaa, maana mkono mtupu hauelei hivyo kama ndoo ni nyepesi. Rembrandt hakuchora uzito. Alichora vikwaruzo viwili vitatu akatuachia sisi tuubebe.

Nije nyumbani sasa.

Nina binamu anayeendesha boda pale Runyenjes. Abiria wakikosa, anachora. Hajasoma sanaa popote, na ukimwita msanii anakuangalia kama umemtukana. Nyumbani kwa upande wa baba ni juu ya Runyenjes, pale kahawa inapoanza kuisha na chai inaanza, na Guka alikuwa na benchi lake nyuma ya jiko. Akimaliza chai ya saa kumi alikuwa anakaa hapo akiangalia bonde na tuta la ng'ambo hadi baridi imfukuze. Mwezi mmoja wa Agosti, ule wa ukungu wa kuuma mifupa, binamu yangu alitoa karatasi ya Julai kwenye kalenda ya agroveti, kwa vile Julai ilikuwa imekwisha na haina kazi, akaigeuza, akamchora.

Wacha niueleze polepole, kwa sababu kila ninachotaka kusema kiko pale.

Karatasi imelazwa. Guka yuko chini kabisa kushoto, karibu na kona, na amechorwa kutoka nyuma. Kofia ni mistari mitatu. Mgongo ni mstari mmoja: unaanza chini ya kofia, unashuka, unapanda kidogo kwenye kola ya koti, unageuka begani na kuteremka hadi kwenye benchi bila biro kuinuliwa. Kwenye bega la kulia amebonyeza, wino ni mzito, na bega hilo liko chini kuliko la kushoto. Yeyote aliyemjua Guka atakuambia ndivyo alivyokuwa. Miaka ya kikapu cha chai mgongoni ilikuwa imempinda upande. Benchi ni mstari mmoja unaokatika kabla ya kufika mwisho, na wala huoni kama kuna kitu kimekosekana. Bakora imeegemezwa, ndicho kitu pekee kilichonyooka kwenye picha nzima. Kuna mahali biro iligoma, akaikung'uta, ikaacha matone mawili karibu na mguu wa benchi. Aliyaacha. (Mimi nayapenda hayo matone kuliko kofia, lakini tuendelee.)

Halafu kulia na juu, hakuna kitu. Theluthi mbili za karatasi ni nyeupe. Karibu na ukingo wa juu tu kuna mstari mwembamba sana, unaoshuka kidogo kidogo kuelekea kulia: lile tuta la ng'ambo. Katikati hakuna mti, hakuna nyumba, hakuna hata ndege. Ukiiinua karatasi kwenye mwanga, tarehe za Julai zinaonekana kinyumenyume, Jumapili zikiwa nyekundu.

Hakuwa ameomba ruhusa kumchora, na hilo si jambo dogo. Lakini alipomaliza alizunguka benchi, akampa. Guka aliuangalia kwa muda mrefu, ukiwa umbali wa mkono, kama anavyosoma risiti ya mbolea. Kisha akauliza, "Na kikombe changu kiko wapi?"

"Ulikuwa umemaliza chai, Guka."

Akatikisa kichwa kama mtu aliyepewa hesabu ikatimia, akaurudisha.

Alifariki mwaka uliofuata. Kama umewahi kuwa kwenye kamati ya mazishi ya kwetu unajua kwamba baada ya bajeti ya hema na chakula, vita vinavyofuata ni vya picha itakayokaa kwenye jalada la kijitabu. Guka alikuwa na picha chache sana, na iliyokuwa safi ni ya kitambulisho. Tata, dada mkubwa wa baba, aliipeleka studio moja mjini. Ikarudi Guka akiwa amevaa suti ya buluu na tai nyekundu, nyuma yake mawingu na njiwa. Kichwa kilikuwa chake. Shingo haikuwa ya mtu yeyote.

Nilifungua mdomo. Nilisema, kwa adabu zote, "Tata, lakini Guka hakuwahi kuwa na suti."

"Najua hakuwa na suti," akasema. "Suti yake ilikuwa karo yangu na karo ya baba yako. Wacha aivae sasa."

Sijawahi kupata jibu la hiyo. Hadi leo sina. Naamini bado kwamba ile picha ni ya uongo, na naamini Tata alikuwa anasema jambo la kweli kabisa. Picha inaweza kuongeza kitu ambacho hakikuwepo na bado isiwe na nia ya kudanganya, kwa sababu kila aliyekuwa mazishini alijua Guka na gumboot zake. Suti ilikuwa deni linalipwa. Wanaocheka hizi picha za Photoshop za mazishi kule mitandaoni, na tuko wengi, wangejiuliza kwanza ni nani aliyekuwa akimvalisha nani.

Kwa mchoro wa biro Tata alikuwa mkali zaidi. "Utawapa watu mgongo wa baba? Watu wamefunga safari kutoka Meru, waje wapewe mgongo?" Kwetu mgongo una maana. Mzee akikugeuzia mgongo, mazungumzo yameisha, na pengine na baraka zimeisha. Kwa hiyo hakuwa anasema ushamba. Alikuwa anausoma mchoro kwa lugha anayoijua, na kwa lugha hiyo mchoro ulikuwa umesema kitu kibaya. Tukakubaliana uingie ndani, ukurasa wa sita, baada ya historia yake ya ndoa.

Kijitabu kilichapwa katika saiba moja. Kijana aliyekipanga alikuwa na kurasa nyingi na muda kidogo. Alipofika kwenye ule mchoro akafanya kile ambacho mtu yeyote wa saiba angefanya: akaona karatasi kubwa ambayo robo tatu haina kitu, akaikata. Akabaki na Guka, katikati ya fremu, amejaa vizuri.

Nataka uelewe kilichotokea hapo. Hakuna mstari hata mmoja wa Guka uliofutwa. Kofia ileile, bega lilelile, bakora, hata yale matone mawili. Lakini yule mzee aliyekuwa anaangalia bonde lake alikuwa ameondoka, na mahali pake pamekaa mzee aliyetugeuzia mgongo. Kwenye karatasi nzima, mgongo wake ulikuwa mlango: unasimama nyuma yake, unaangalia anakoangalia. Kwenye kijitabu ulikuwa ukuta. Tata alifungua ukurasa wa sita, akanionyesha kwa kidole bila kusema neno, na alikuwa sahihi asilimia mia. Mchoro aliokuwa akiuogopa ulikuwa umechapwa nakala 300.

Hapo ndipo nilipoelewa kitu ambacho watu husema kirahisi tu, kwamba mpangilio ni sehemu ya mchoro. Nilikuwa nikidhani mpangilio ni mapambo, mambo ya kuweka kitu kushoto badala ya katikati ili kipendeze. Kumbe mpangilio ndio unaosema huyu mtu ana uhusiano gani na dunia. Bega lilimwambia mtazamaji Guka amefanya kazi gani. Ule weupe ulimwambia Guka ana nini mbele yake. Ukiuondoa weupe, umemnyang'anya bonde.

Baada ya mazishi, hema likiwa bado halijashushwa, nilimletea Tata ile karatasi yenyewe ya kalenda. Aliiweka mapajani. Hakusema ni nzuri. Baada ya muda akaweka kidole kwenye ule weupe, karibu katikati, akasema hapa ndipo kulikuwa na mti wa muringa uliokatwa walipokuwa wanajenga jiko. Akasogeza kidole chini: hapa njia ya kwenda mtoni. Hapa kwa jirani aliyehama. Hapa ndipo ng'ombe alipoanguka mwaka wa njaa. Vitu vinne, vyote kwenye sehemu isiyo na wino hata kidogo. Mimi pale nilikuwa nimeona ukungu tu.

Unaweza kuniambia hizo ni hisia za msiba, mtu mwenye huzuni anaona chochote popote. Sawa. Chukua kisa kisicho na msiba. Mwaka 1943 Waitaliano watatu waliokuwa wafungwa wa vita katika kambi ya Waingereza pale Nanyuki, Felice Benuzzi, Giovanni Balletto na Vincenzo Barsotti, walitoroka kambini kwa sababu ya ajabu: walitaka kupanda Mlima Kenya, kisha warudi wajisalimishe. Ramani hawakuwa nayo. Moja ya vitu walivyotegemea kujua sura ya mlima ni mchoro uliokuwa kwenye lebo ya mkebe wa chakula. Aliyeuchora alitaka kuuza nyama na mboga. Wao waliukodolea macho jinsi mgonjwa anavyokodolea matokeo ya maabara, wakitafuta njia kati ya mistari. Kilele cha Batian, mita 5,199, kiliwashinda. Benuzzi na Balletto walifika Lenana, mita 4,985, wakasimika bendera ya Italia, kisha kweli wote wakarudi kambini, wakafungiwa. Benuzzi aliandika kitabu kuhusu safari hiyo. Mkebe ni uleule kwa kila askari aliyeufungua akala akatupa. Walioangalia kwa shida yao waliona mlima.

Na huo mlima wenyewe ndio mwalimu mzuri wa mstari kwetu sisi wa upande huu. Kwa mama ni Nkubu, Meru, na tukiwa wadogo tulikuwa tunapelekwa huko Desemba. Mchana huwezi kuuona, mawingu yameufunika. Lakini jioni, ukibahatika, mawingu yanashuka, na kwa kuwa ukiwa Nkubu jua huzama upande wa mlima, unakosa rangi, unakosa theluji, unakosa misitu, unabaki mstari tu mweusi dhidi ya mwanga. Wameru wanauita Kirimaara. Binamu zangu wa huko wangeweza kuuchora kwa fimbo mchangani bila kuangalia: mteremko mrefu mvivu, halafu ghafla meno, halafu mteremko mwingine. Wale wa Embu, ambao mlima kwao uko kaskazini kidogo, walikuwa wanachora meno hayo tofauti. Tulibishana sana kuhusu nani anauchora vibaya. Hakuna aliyekuwa anauchora vibaya.

Kinyume cha haya yote ni Joy Adamson, ambaye wengi wanamjua kwa sababu ya simba Elsa, aliyezikwa ndani ya Mbuga ya Taifa ya Meru. Kabla ya simba alikuwa mchoraji. Serikali ya kikoloni ilimpa kazi ya kuchora watu wa jamii mbalimbali za Kenya wakiwa na mavazi yao ya jadi, yaliyokuwa yakipotea, na akachora mamia ya picha, Wameru na Watharaka wakiwemo. Mwaka 1967 akatoa kitabu kilichotokana na kazi hiyo, na nyingi ya picha zenyewe zimehifadhiwa na Makavazi ya Kitaifa. Ni kazi ya subira ya ajabu, na bila hiyo kuna mavazi ambayo leo tungekuwa tunayakisia tu. Ushanga umechorwa mmoja mmoja. Ngozi, manyoya, shaba, kila kitu kipo.

Lakini nikiziangalia napata shida moja. Mtu amewekwa katikati, na nyuma yake mara nyingi hakuna kitu. Weupe upo hapo pia, tena mwingi, ila si weupe ule wa karatasi ya Julai. Ule wa Guka ni mahali, unajua kuna bonde. Huu ni weupe wa meza ya maabara, wa jani la maharagwe lililotolewa kwenye mti ili lichorwe na lipewe majina. Mtu wa Tharaka amesimama pale na kila kitu chake isipokuwa Tharaka. Simlaumu mama huyo kwa kazi aliyotumwa. Aliambiwa achore mavazi, akayachora kuliko mtu yeyote. Nasema tu kwamba unaweza kuweka kila ushanga na bado umwache mtu nje, na unaweza kuacha uso wote na bado mtu awe ndani. Kwa hiyo lile swali letu la mahakamani, kama mwenye mistari michache anasema ukweli, haliwezi kujibiwa kwa kuhesabu mistari.

Mtu anayependa ubishi ataniuliza kuhusu wachora vibonzo. Wao wanakata kwa makusudi, na wanakata ili kuumiza. Gado alipokuwa Nation alimfungia Uhuru na Ruto tufe la chuma na mnyororo miguuni wakati kesi zao zilikuwa ICC, na kila walipotokea kwenye kibonzo, hata wakizungumzia mahindi, lile tufe liko nao. Duara moja na vitanzi kadhaa vya wino. Kesi ya Uhuru iliondolewa Desemba 2014, ya Ruto ikasitishwa Aprili 2016, na bado kuna watu wa rika langu ambao hawawezi kuwafikiria wawili hao wa miaka ile bila mnyororo. Je, si huko ni kumpunguza mtu? Ni kumpunguza, ndiyo. Tofauti ninayoiona ni kwamba kibonzo kinajitangaza. Kina sahihi, kiko kwenye ukurasa wake, na aliyechorwa ana jukwaa kubwa kuliko la mchoraji. Tunajua tunaangalia mkono wa nani. Yule wa saiba alikata kimyakimya, bila nia mbaya, na hakuna aliyejua kwamba kuna kitu kimekatwa. Watu 300 walienda nyumbani wakiamini wameuona mchoro.

Hicho ndicho kinachonitisha, zaidi ya uongo wa suti. Suti unaiona shingoni. Kukata hakuonekani. Na siku hizi sote tunakata, kutwa nzima, kwa vidole viwili, kwa sababu skrini ni ndogo na imesimama wima. Picha ya rafiki yako ukimwondoa aliyekuwa amemshika mkono. Video ya mtu akipiga kelele, bila dakika moja iliyotangulia. Hujabadilisha chochote, utasema, na ni kweli.

Mimi mwenyewe nina jamaa wa ukoo wanaonichora kwa mstari mmoja: yule aliyeacha chuo. Mstari ni sahihi. Niliacha, mwaka wa pili, na sina malalamiko kuhusu jinsi ulivyochorwa. Ni pale kweupe ninapowaomba wapaachie nafasi.

Turudi kwa ile "hata mimi naweza kuchora," basi. Mgongo ule pengine unaweza, ukipewa wiki na kalamu za kutosha. Nimejaribu kuunakili na si mgumu kihivyo. Kigumu ni kuweka biro chini. Muringa ulikatwa, sawa, lakini migomba ilikuwepo, na tangi la maji, na zizi, na binamu yangu alikuwa na biro mkononi, karatasi nyeupe mbele yake na saa nzima kabla ya giza. Kila mmoja wetu hapo angeongeza mgomba mmoja, mdogo tu, ili isionekane tumeshindwa. Nilimuuliza kwa nini hakuongeza. Akasema, "Guka alikuwa haangalii migomba." Nikamuuliza alijuaje. Akaniambia ukimwangalia mtu kwa nyuma muda mrefu, shingo inakuambia.

Siku hizi anachora watu pale steji, shilingi mia mbili, wakingoja gari la Embu. Biashara si mbaya, ila wateja wanasumbua. Wanataka alipie karatasi yote. "Buda, mbona umeniweka kwa kona? Ongeza hata gari." Mmoja alimwambia hawezi kulipa mia mbili kwa karatasi tupu, akapunguziwa hadi mia, akaichukua, akaikunja vizuri ule upande usio na wino ili aliyechorwa asipate mkunjo. Binamu yangu anasema hilo lilimfurahisha, hakujali ile mia.

Lakini amebadilisha kitu kimoja tangu yale mazishi. Kabla hajaanza kumchora mtu, anapitisha biro kwanza kuzunguka karatasi, sentimita moja kutoka ukingoni, pande zote nne, bila rula. Mstari huo mara nyingi unapinda, na kwenye kona hazikutani vizuri. Nilimwambia unaharibu. Akasema mtu wa saiba akiuona, atajua picha inaishia wapi.